Kiwanda kimefungwa, udongo je?

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi ukuta kwa ukuta na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kilifungwa 2014. Katika miaka hiyo saba moshi wake ulitua juu ya mabati, maji yake machafu yakapita katikati ya nyumba, na madini ya risasi yakatulia kwenye udongo ambao watoto waliuchezea. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini. Akaacha kazi, akawakusanya majirani, akaandamana nao, akakamatwa, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na kuamuru mazingira yasafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha.

Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa ametimiza miaka kumi hukumu hiyo ya mwisho ikisomwa. Alitambaa, akajifunza kutembea, akacheza gololi na kula embe akiwa amekaa juu ya udongo uleule. Wazazi wake walistahili kuipigania haki yao hadi mwisho. Lakini risasi haingoji mahakama, na haiozi. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na tanuri lake vilifungwa 1994, na udongo wa vitongoji vya jirani umeendelea kuwatia watoto sumu hadi kizazi hiki. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoishi karibu na kiwanda, kiwe kinafanya kazi au kimekufa, juu ya mambo mnayoweza kuyafanya wiki hii hii, kesi na malalamiko yakiendelea kufuata mkondo wake.

Viwanda havifanani, na sumu zake hazifanani. Wanaoyeyusha betri za magari huacha risasi, mara nyingi na aseniki au kadimi ndani yake. Viwanda vya ngozi hutumia kromu. Wanaochovya vyuma ili ving'ae huacha kromu na nikeli. Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Geita na Migori, dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Wala si lazima pawe na jengo kubwa lenye dohani. Fundi anayepasua betri chini ya mwembe na kumwaga tindikali mchangani, au vijana wanaochoma nyaya jalalani wapate shaba, nao huacha sumu ardhini. Nitaisema risasi kuliko nyingine kwa sababu ndiyo inayoharibu maisha ya watoto wengi zaidi duniani, na kwa sababu anayejikinga nayo vizuri huwa amejikinga na nyingi za wenzake.

Watu wakisikia udongo una sumu, swali lao la kwanza huwa ni kama mboga zinalika. Nitalifikia. Ila risasi ina njia fupi kuliko hiyo: vumbi likae kidoleni, kidole kiingie kinywani. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika ardhi na kulamba mkono tangu anapoamka hadi anapolala, na tumbo lake hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya tumbo la mtu mzima. Mwili huipokea risasi ukidhani ni kalsiamu. Huipeleka kwenye ubongo unaokua, nyingine huihifadhi mifupani, na humo hukaa miongo ya miaka. Mimba huchota kalsiamu mifupani mwa mama, na risasi hutoka pamoja nayo, hivyo binti aliyekulia karibu na kiwanda anaweza kumrithisha mwanawe sumu hata kama alishahama zamani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kiasi kidogo tu hupunguza uwezo wa kujifunza na wa kutulia, na hakina homa wala upele wa kumshtua mzazi. Mwalimu huona mtoto mzito wa kuelewa, bibi huona mjukuu mtukutu, na hakuna anayeufikiria udongo.

Tazama uwanja wa nyumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama ameinama, fagio la njukuti mkononi, anafagia kutoka mlangoni kwenda njiani. Vumbi linapanda hadi magotini, linaelea kidogo kwenye mwanga wa jua, kisha linashuka: kwenye sahani zilizopangwa kichanjani, kwenye ndoo ya maji isiyo na kifuniko, kwenye nepi zilizoanikwa, kwenye uji unaopoa barazani. Uwanja unapendeza, umebaki na michirizi ya fagio. Mahali ambapo udongo una risasi, kazi hiyo ya heshima ndiyo inayoitoa sumu chini na kuipandisha mezani.

Usiache kufagia. Nyunyiza maji kwanza, ngoja yanywewe, ufagie taratibu udongo ukiwa bado na unyevu. Kabla ya hapo funika maji na chakula, ingiza vyombo na nguo ndani, na watoto wawe mbali. Ndani ya nyumba weka fagio kavu kando, upige deki kila siku kwa tambara bichi, ukitumia ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia tambara. Maji yaliyochafuka yaende chooni, yasimwagwe bustanini. Tandika gunia lililoloweshwa mlangoni, na viatu vibaki nje, kama desturi ilivyo katika nyumba nyingi za pwani. Hapo desturi hiyo inafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kisha mikono. Tundika kibuyu chirizi mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kukifikia mwenyewe, sabuni ikining'inia kando, na iwe amri ya nyumba: hakuna kitu kinachoingia kinywani kabla ya mikono kuoshwa, hata kashata moja. Kucha zikatwe fupi. Vitu vya kuchezea vioshwe. Titi nalo lifutwe kwa kitambaa safi kabla ya kunyonyesha, kama mama ametoka kulima au kufagia.

Lakini mtoto hawezi kufungwa ndani, na mama hawezi kumfuata kila anapogusa. Ndiyo maana kazi yenye faida ya kudumu ni kuufunika udongo ulio wazi. Mwenye uwezo amwage saruji mbele ya nyumba, mahali watoto wanapokaa zaidi. Asiye nao apande ukoka na kuumwagilia hadi ushikane, au amwage kokoto, au alete udongo safi kutoka mbali na kuushindilia unene wa shubiri nzima. Ukinunua kifusi, uliza kimetoka wapi. Kamwe usipokee masizi, majivu au makapi ya tanuri la kiwandani yajaze mashimo ya uwanja, hata ukipewa bure na kuletewa kwa lori. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, mchanga uliojaa mabaki ya betri ulikuwa na thamani hata watu wakauchekecha nyumbani ili wauze vipande vya risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wa hapo walifariki.

Na maji? Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi risasi. Maji yakipungua sufuriani, risasi iliyobaki huwa imekolea zaidi. Anayekinga maji ya mvua karibu na dohani aache mvua za kwanza zioshe bati na mfereji, maji hayo yamwagike, ndipo aelekeze bomba kwenye tangi.

Sasa, utajuaje kama udongo wako umeingiliwa? Anza na wazee wa mtaa. Nini kilikuwa hapa kabla ya nyumba hizi? Maji ya kiwanda yalipita mtaro upi, na mtaro ukifurika yalitapakaa wapi? Upepo wa kusi ukivuma, moshi ulielekea upande gani, na wakati wa kaskazi? Majibu hayo huchora ramani nzuri ya mahali pa kupima. Macho peke yake hayasaidii. Risasi haina harufu, na udongo mweusi unaostawisha mchicha unaweza kuwa na sumu kuliko mwekundu uliochoka.

Kupima kwenyewe si kugumu, ila kuna utaratibu. Kwa uwanja wanaochezea watoto, kwangua sentimita mbili hadi tano za juu tu, kwa sababu vumbi hutoka huko. Kwa bustani, chimba hadi sentimita 20, kina cha mizizi. Chota kidogo kidogo katika sehemu nane au kumi za eneo hilo moja, changanya kwenye beseni safi la plastiki, toa mawe na majani, kisha tia kama nusu kilo kwenye mfuko mpya na uandike mahali, kina na tarehe. Udongo wa uwanjani usichanganywe na wa bustani, wala ule wa chini ya mchirizi wa bati usichanganywe na wowote. Huo una habari zake. Usitumie koleo la bati lenye zinki, litaharibu majibu.

Pa kupeleka ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Kenya na Tanzania, au kwenye maabara za udongo za taasisi za utafiti wa kilimo na vyuo vikuu, kama KALRO pale Kabete na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Piga simu kwanza uulize kama wanapima metali nzito, na gharama yake. Hapa wengi hupotea: wanalipia kipimo cha rutuba, wanarudi na karatasi inayosema naitrojeni, fosforasi na uchachu, wanafurahi kwamba udongo ni mzuri. Kipimo hicho hakisemi lolote juu ya risasi. Taja madini unayotaka kwa majina: risasi, kadimi, aseniki, kromu, na zebaki kama kuna machimbo. Gharama ikiwa nzito kwa nyumba moja, changeni kumi, mpime sehemu zile ambazo ramani ya wazee imeonyesha.

Majibu yakija, tafuta idadi ya miligramu katika kila kilo ya udongo. Udongo usioguswa na kiwanda kwa kawaida huwa na risasi kati ya 10 na 50. Januari 2024 Shirika la Mazingira la Marekani lilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa maeneo ya makazi kutoka 400 hadi 200. Ushauri wangu ni huu: chini ya 100, endelea na usafi niliouelezea, ikifika 200, mtoto asicheze tena juu ya udongo mtupu hapo, ikivuka 400, usipande chakula chochote moja kwa moja kwenye ardhi hiyo.

Tumefika kwenye bustani. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakikuta risasi na kadimi katika mboga za majani zinazolimwa kandokando ya mito Msimbazi na Sinza, na mboga hizo hulisha watu wengi mjini. Sitamwambia mkulima wa bondeni aache kulima bila kumwonyesha njia nyingine. Njia zipo. Risasi haipandi kwa urahisi hadi kwenye tunda, kwa hiyo nyanya, bamia, biringanya, pilipili, mahindi na maharage ni salama zaidi ya mchicha, matembele na sukuma wiki. Karoti, viazi vitamu na mihogo ndivyo vya kuogopa kuliko vyote, kwa sababu hukaa ndani ya udongo wenyewe. Risasi nyingi ya kwenye majani huwa ni vumbi na matope yaliyorushwa na mvua, kwa hiyo matandazo ya nyasi kavu chini ya mimea husaidia, na kuosha husaidia: majani yaoshwe moja moja kwa maji yanayotiririka, kisha yaloweshwe kwenye maji yenye siki kidogo na kusuuzwa. Mizizi imenywe maganda. Kadimi ni mjanja zaidi, huingia ndani ya jani, na hapo hakuna kuosha kutakakosaidia. Kama majibu yako yana kadimi nyingi, achana na mboga za majani mahali hapo.

Udongo wenye uchachu huachia metali kwa mizizi, kwa hiyo chokaa ya kilimo na mboji nyingi huzishika zisipande. Njia ya uhakika zaidi ni kuuacha udongo huo chini na kulima juu yake. Akina mama wa Kibera wamelima sukuma kwenye magunia kwa miaka mingi, na magunia hayo yakijazwa udongo safi na mboji yanafaa sana jirani na kiwanda. Tuta lililoinuliwa sentimita 30 kwa udongo ulioletwa, juu ya turubai lililotobolewa maji yapite, linafaa vilevile. Kuna wanaouza habari kwamba alizeti hunyonya sumu yote. Kwa risasi, msimu baada ya msimu hauondoi kiasi cha maana, na mtu akiamini hivyo huacha kufanya yenye faida.

Kuku wa kienyeji wanahitaji neno lao. Siku nzima kuku huchakura na kumeza udongo, na risasi huenda kwenye yai. Wajengee banda lenye sakafu iliyofunikwa, wale chakula chao bandani, au watoto na wajawazito wasile mayai hayo hadi udongo upimwe.

Wajawazito nawaomba jambo jingine kwa upole, kwa sababu najua hamu ile haichagui. Udongo wa kula, uitwe pemba au odowa, usichimbwe wala kununuliwa ukiwa umetoka karibu na viwanda au machimbo. Watafiti waliokwenda katika jamii za wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania wameupima udongo ambao wajawazito hula, wakakuta metali zenye sumu ndani yake. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu. Mweleze mkunga kliniki bila haya, upimwe damu na upewe vidonge vya madini ya chuma. Chakula nacho ni ngao, kwani mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi kidogo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage, na machungwa au mapera pembeni vinatosha. Mtoto asiende kucheza bila kunywa chai na kula kitu, kwa sababu tumbo tupu hufyonza risasi zaidi.

Kama mtu wa nyumbani anafanya kazi kiwandani au kwa fundi betri, yeye mwenyewe anaweza kuwa njia ya sumu kuingia, akimkumbatia mtoto jioni kwa upendo wote. Abadilishe nguo na viatu kazini, aoge kabla ya kumshika mtoto, na ovaroli ifuliwe peke yake. Nguo hizo kazi ya kuzifua ni ya mwajiri, na wafanyakazi wana haki ya kumdai.

Anayemshuku mtoto wake asingoje dalili. Maumivu ya tumbo, choo kigumu, damu kupungua na degedege huja sumu ikiwa imeshazidi. Omba hospitalini kipimo cha risasi kwenye damu ya mshipani, na omba hivyo kwa jina lake, kwa sababu kipimo cha kawaida cha damu hakiionyeshi risasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kuitoa risasi mwilini ni za hospitali, kwa mtoto hutolewa ikifika 45 au zaidi, na zina hatari zake. Anayekuuzia mitishamba ya kuondoa sumu anakuibia fedha na muda. Tena dawa bila udongo safi haisaidii kitu. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walifariki kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini, na Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu watoto wa vijiji vilivyosafishwa, kwani kumrudisha mtoto kwenye uwanja uleule kulikuwa kuifuta tiba yote.

Kwa hiyo safisheni nyumba zenu, na wakati huohuo mdaini aliyechafua asafishe. Katiba ya Kenya, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Tanzania kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mlango wa kwanza ni afisa mazingira wa halmashauri. Malalamiko yaandikwe, yapigwe mhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwenu. Ambatanisheni majibu ya maabara, picha zenye tarehe, na orodha ya nyumba. Mkutano wa tathmini ya mazingira ukiitishwa kabla ya kiwanda kipya kujengwa, nendeni kwa wingi, na mhakikishe maswali yenu yameandikwa kwenye kumbukumbu, hasa lile la maji machafu yataelekezwa wapi.

Siku kampuni au serikali itakapokuja kusafisha, kubalianeni kabla ya jembe la kwanza: udongo wa juu utakwanguliwa kwa kina gani, utapelekwa wapi, utasafirishwa ukiwa umefunikwa au wazi, wa kuujaza utatoka wapi na nani ameupima, na watoto watalala wapi siku hizo za vumbi. Kazi ikiisha, kabla ya mwenyekiti wa mtaa kutia saini yoyote, chukueni tena udongo kwenye sehemu zilezile mlizochukua mwanzo, kwa kina kilekile, muupeleke kwenye maabara mliyoichagua wenyewe.